Safu Mbili

Mkaguzi kaniachia karatasi yenye safu mbili:
Lita za Barabarani. Lita za Shambani.
"Jaza, karani, kwa kalamu ya wino.
Za shambani, tozo ya barabara huenda ikarudishwa.
Za barabarani hazirudi."
Akawasha pikipiki. Vumbi jekundu likatua juu ya chai yangu.

Trekta la chama ni moja, tangi lake ni moja.
Hokororo, dereva, hupima dizeli kwa kijiti cha mkorosho
alichokitia alama kwa kisu: mkato mmoja, lita tano.
Namuuliza, kijiti chako chaijua lami?
Anacheka hadi kofia inadondoka.
"Somoe, dizeli haivai viatu
ukaziona nyayo zake."

Basi tukakaa, tukahesabu.
Jumatatu, kutoka ghalani hadi kwa Mnali:
lami dakika kumi na mbili, kisha jembe hadi adhuhuri.
Mikato miwili. Nigawe vipi?
Kesho yake tela la magunia, korosho za Naipanga,
kwa njia ambayo ramani ya wilaya huiita barabara
nasi huiita mfereji.
Katikati yake mtu kapanda mihogo,
imeota, imefunga majani,
na hakuna gari lililowahi kuikosea adabu.
Hiyo ni safu gani?
Halafu siku ile ya kuzungusha pampu ya kisima,
injini inanguruma, imesimama pale pale,
inakunywa bila kwenda popote.

Usiku wa Ijumaa nimeuruka mara tatu.
Mvua. Gari la wagonjwa limezama hadi mlangoni
njia ya Kilimarondo,
na ndani binti wa Chilumba, uchungu tangu asubuhi.
Hokororo akaenda na mnyororo.
Akavuta ndani ya tope,
akavuta ndani ya mahindi machanga ya watu,
akavuta juu ya kitu ambacho labda kilikuwa daraja.
Alipoigusa lami kulikuwa kunapambazuka
na kijiti kilitoka tangini kikavu.

Mikato minne. Lita ishirini.

Mkaguzi, sikatai kutoa.
Barabara nayo hulimwa, nalijua hilo,
na greda halinywi maji.
Ila nieleze taratibu, kama mtu wa hesabu kwa mwenzake:
anayeilipia barabara katika kila lita,
na barabara yenyewe haijafika kwake,
huyo anadai au anadaiwa?

Nimechukua rula, nimechora safu ya tatu.
Juu yake hapana jina; jina limenishinda.
Nimeandika tarehe, nikaandika ishirini.
Hokororo akaja kutia dole gumba mahali pa sahihi,
nilimwambia anawe kwanza, hakunisikia,
na grisi ikasambaa, kidogo tu,
hadi kwenye zile safu mbili.