Njano ya Bani

Mihambo anaijua njano kuliko mimi mwenye cheti.
Alimfunua mwanawe mbele ya dirisha la dawa, akasema:
"Jana ilikuwa usoni. Leo imevuka kitovu.
Kwenye bani, jani likifika hapa
tunaongeza moto usiku huohuo.
Huyu je, tunamwongeza nini?"

Siku ya nne. Hajapewa jina.
Taa ya buluu ya wodini iliungua kabla ya masika;
balbu zimeagizwa Tabora, na Tabora nao wameagiza kwingine.
Gari la wagonjwa limekwama njia ya Ipole.
Nyamizi alimwanika asubuhi mbili,
lakini jua la Sikonge mwezi wa tatu
huchungulia tu, likarudi ndani.

Tabibu Ngassa aliandika, akakata, akaandika tena:
fenobabitoni.
"Hii si taa," akaniambia. "Inashikilia mlango tu, gari lije."

Nikakitoa kidonge kwenye rafu ya wenye kifafa.
Haki ya mtoto haikufika nusu yake.
Nikasaga, nikatia maji yaliyochemshwa,
nikapima kwa bomba lisilo na sindano,
nikapima tena, maana mkono wangu nauogopa.

Dawa gani hii,
humlaza mtoto, huliamsha ini!
Ini changa, lililokuja duniani na usingizi wake,
lapigiwa hodi: amka, sebule imejaa.
Nalo halikurupuki. Huamka kwa siku, si kwa saa.
Na mtoto aliyelala hanyonyi,
na asiyenyonya, njano yake haina pa kutokea.

"Mfinye nyayo," nikamwambia Nyamizi.
"Akisinzia, finya. Alie. Anyonye."
Mama mkwe akaja na asali ya nyuki wadogo, chupa nzima;
nikaipokea kwa mikono miwili, nikaifungia kabatini.
Alininunia hadi usiku.
Sikuwa na nafasi ya kuomba radhi.

Mvua ikapiga bati. Mihambo hakulala.
Kila saa aliinua kanga kama achunguliaye bani,
akabonyeza kifua kwa kidole cheusi cha utomvu wa tumbaku,
kidole nilichokisugua kwa sabuni mara tatu,
akatazama rangi inavyorudi.

Saa kumi na moja gari likaingia, tope hadi kiooni.
Nyamizi akafungua nepi ili wapande,
akaita, wala si kwa hofu:
"Njooni muone!"
Choo. Njano iliyokolea, imepenya kanga mbili.
Mihambo akainama, akaikagua kama mteuzi siku ya soko.
"Daraja la kwanza," akasema.

Sikucheka. Weupe wa macho ya mtoto
ulikuwa bado haujarudi.
Nikajaza karatasi ya rufaa: dozi, saa, mkono uliopima.
Mahali pa jina
nikaacha wazi.