Kielelezo cha Kwanza

Mimi ndiye karani. Naandika kwa kalamu ya buluu:
kesi ya jinai namba ishirini na saba,
Mahakama ya Mwanzo, Kitangari.
Ukungu wa Newala bado umekaa dirishani
kama shahidi aliyewahi kufika.

Mfaume Chihipu anashtakiwa kushambulia na kudhuru mwili.
Aliyedhurika ni Abilahi Ng'itu:
nyuzi saba juu ya jicho la kushoto,
fomu ya polisi imejazwa na tabibu
kwa mwandiko uliopinda kuliko kovu.

Kilichotumika: bakuli moja la bati, limebonyea ubavuni.
Nimelibandika karatasi, nimelipa jina.
Kielelezo cha kwanza. Cha pili hakipo.

Hakimu ni binti wa Singida, ana miezi minne hapa.
Akaliinua, akaligeuza, akauliza:
"Bakuli hili ni la kazi gani?"

Basi hapo ungesikia inzi akimeza mate.
Abilahi akatazama dari.
"La nyumbani, mheshimiwa."
"La nyumbani la nini?"
"La... kunawia."
Nyuma mtu akacheka, akajifanya anakohoa.

Chumba kizima kilijua. Mbwa wa nje walijua.
Lakini kangomba haitajwi chini ya nembo ya taifa:
aliyeingia mlalamikaji angetoka mshtakiwa,
na Mfaume je, aliyeuza korosho zingali maua?
Nyoka mmoja, na kila mtu kashika kipande.

Nikaandika: la kunawia.

Mfaume hakubisha.
"Nilimpiga. Mara moja.
Alijaza mpaka likafanya kichuguu,
akasema hilo ni bakuli moja.
Nikamwambia tupime kwa mfuto. Hakutaka."
"Alijaza nini?"
"Maji, mheshimiwa. Ya kunawia."
Hakimu akaweka kalamu chini.
"Maji yanafanya kichuguu?"
Mfaume akafikiri.
"Huku kwetu maji ni ya shida sana."

Hukumu: miezi sita jela au faini laki mbili,
na fidia laki moja kwa nyuzi zile saba.
Nilipiga hesabu pembeni mwa daftari, kisha nikaikata:
uzi mmoja, kilo nne za korosho na ushee.
Mkosaji wa mara ya kwanza. Ana watoto watano.
Hayo nayo niliyaandika, yana mstari wake.

Somoe, mkewe, alitoka nje kanga begani,
akarudi kabla ya saa nane
na noti zilizokunjwa hadi zikawa kama dawa za hirizi.
Sikumuuliza. Risiti haina mahali pa kuuliza.
Ila nilikuwa nimemwona kwa dirishani, kando ya pikipiki,
anaongea na Abilahi mwenye bandeji yake,
wakihesabu kwa vidole mikorosho ya mwakani,
miti ambayo hata ua haijaliwaza.

Mwisho wa shauri: kielelezo kirejeshwe kwa mwenyewe.
Akasaini. Nikabandua karatasi; gundi ikabaki.

Jumamosi nimepita kwa mhunzi wa sokoni.
Bakuli liko juu ya fuawe, Abilahi kasimama.
Mhunzi anagonga kutokea ndani,
mbonyeo unatoka, unanyooka, unapitiliza,
ubavu unafura kama shavu la anayeficha kitu mdomoni.
"Yatosha?"
"Ongeza kidogo."