Kiti cha Aliyekatikiwa

Toleo jipya la mchezo limeshuka saa nane usiku
na modi yetu imekufa tena.
Najua kabla sijafungua kompyuta:
simu inatetemeka juu ya gunia la simsim la mama
kama mende aliyepinduka.
"Haifanyi kazi." "Rekebisha." "Wewe, umelala?"
Jumbe arubaini na tatu. Zenye salamu, mbili.

Sikuianzisha mimi. Aliianzisha Andama,
hapa Arua, mtaa wa Oli, nyuma ya kinyozi,
mwaka ule umeme ulipokuwa ukija kama shemeji mwenye deni:
huchungulia, hukaa kidogo, hutoka bila kuaga.
Kwenye seva yetu ya watu kumi na wanane
ukikatikiwa umekwisha.
Mwili wako unabaki umesimama porini, macho wazi,
wenzako wanakuvua viatu, shoka, hata mbegu za mtama.
Andama alipoteza nyumba tatu na punda.
Ndipo akaandika mistari mia mbili na sita:
anayekatikiwa asife,
abebwe hadi motoni,
akalishwe kwenye kiti,
asiguswe mpaka arudi.

Basi. Humo hamna upanga mpya, hamna joka.
Kiti.

Akaiita Mcheza Kwao.
Nusu ya pili ya methali aliiachia ile mistari.

Akaiweka wazi, achukue atakaye.
Wakachukua Gulu, wakachukua Bunia,
wakachukua watu wa nchi ambazo umeme haukatiki,
kumbe nao hukatikiwa na mengine:
mtoto kaamka, bosi kapiga simu.
Mmoja aliandika tu,
"Mke wangu yuko hospitali. Asante kwa kiti."
Huyo Andama alimsoma mara mbili, akazima taa.

Kisha akapata kazi ya lori, Juba na kurudi,
akanipa neno la siri kwenye karatasi ya chapati,
herufi moja imemezwa na mafuta.
"Ayikoru, itunze."
Nilidhani kutunza ni kuweka kabatini.
Kutunza ni kufagia uwanja
wakati upepo ni mali ya mtu mwingine.

Kuna aliyeifunga upya akaiuza, dola nne.
Jina la Andama kalifuta, kosa lake kaliacha:
"kitti", t mbili, shahidi wangu.
Siku hiyo nilipima simsim kwa hasira.
Mama akauliza, umeibiwa nini?
Nikashindwa kujibu. Cha bure huibwaje?
Alikwisha nigeuzia mgongo,
anamwongezea mteja konzi ya nyongeza
ambayo hajawahi kuitoza.

Usiku huu natafuta kilichovunjika.
Wenye mchezo wamebadilisha jina la moto.
Neno moja,
na watu mia sita wamesimama porini.
Nalisahihisha. Naingia kwenye seva yetu kujaribu,
navuka kijito, nainama kuokota kuni,
umeme ukakatika.

Giza la Oli lina sauti zake:
jenereta ya zahanati, mbwa wawili wasiokubaliana,
jirani anayemtukana mtu ambaye hayupo.
Nikakaa. Saa nzima na robo.

Uliporudi niliingia nikiogopa.
Niko kwenye kiti. Moto unawaka.
Viatu vyangu miguuni.
Na mapajani, bakuli la uji
ambalo sikuliandika.

Nikafungua msimbo, nikashuka nao:
mia mbili na saba, na nane, na tisa.
Mistari mitatu migeni,
imeletwa jana na mtu anayejiita Chumvi,
imeidhinishwa na Andama, kwa simu,
kwenye foleni ya malori pale Elegu.
Juu yake wameacha maelezo mafupi:
anayerudi huwa na njaa.

Nikapandisha toleo saa kumi na dakika tano.
Nikawajibu wale wawili wa salamu kwanza.
"Kitti" nimekiacha vilevile.