Friji ya Mama

Tumeondoka Papeete kabla jua halijalainisha lami,
Rahiti kwenye usukani, mimi pembeni, dirisha wazi,
na nyuma ya pikapu, wima kama bwana harusi,
friji ya Mama, kamba tatu kiunoni.

Huku nyumba hazina anwani. Ukimuuliza mtu anakoishi
atakutajia kilomita: kumi na moja, upande wa bahari;
ishirini na tisa, upande wa mlima.
Pande ni hizo mbili tu. Anayepotea Tahiti
amejitakia mwenyewe.

Kona ya kwanza, mlango wa friji unafunguka: pwa!
Kona ya pili, unajifunga: pu!
Rahiti anasema, Mama anatafuta siagi.
Sicheki.
Kona ya tatu, nacheka.

Papenoo. Mto unatema maji ya kahawia baharini,
vijana wamelalia mbao zao wakingoja wimbi
kama wagonjwa wanaongoja kuitwa majina.
Mchanga wa hapa ni mweusi, mweusi wa masizi;
mtoto akitoka majini, anakimbia amevaa soksi.

Kisha barabara inajibana. Mwamba huku, povu kule,
katikati sisi, na lori la kokoto linalokuja bila haya.
Gia ya pili. Honi. Gia ya kwanza.
Pwa! Mlango unampungia dereva wa lori,
naye anarudisha salamu.

Kwenye tundu la mwamba watalii wamesimama na simu zao.
Bahari huingia chini kwa chini, inanyamaza,
unahesabu moja, unahesabu mbili, unadhani imesahau,
halafu fuuu! inawapulizia wote usoni.
Mama alikuwa akitushusha hapapa kila Jumapili.
Nawa, alisema, kanisa liko mbele.
Hatushuki. Rahiti anapunguza mwendo tu,
na kioo cha mbele kinalowa chumvi.

Hatujazungumza tangu mazishi, mimi na yeye.
Utani si mazungumzo.
Nyumba ilikuwa moja, nasi tulikuwa wawili.

Maporomoko yananing'inia mlimani, membamba,
nyuzi alizosahau kukata mshonaji.
Kando ya kila lango kuna sanduku refu, la mkate, si la barua,
na mbwa mmoja amelala katikati ya lami
kwa imani kubwa kuliko yangu.

Hitiaa, mwanamke anayeuza samaki
anasimama ghafla, kisu mkononi:
Hiyo si friji ya Teraimana? Naijua kwa kibonyeo kile,
siku ile ya harusi, ng'oma ilipoiangukia.
Hangoji jibu. Anafungua mlango,
anaweka shelisheli moja, kubwa, la kijani,
kwenye rafu ya katikati.
Friji haisafiri tupu, anasema. Nendeni.

Sasa kila kona ina sauti mpya:
gudu, gudu, hadi ukutani; gudu, gudu, kurudi.
Kushoto, rasi yenye mikadi. Gudu.
Kulia, ghuba, maji ya rangi nisiyoijua jina. Gudu.
Tunavuka Taravao, shingo ya kisiwa,
mvua inatukuta upande mmoja wa gari,
upande wa pili jua.

Halafu barabara inakwisha.
Haififii, haigeuki vumbi. Inakwisha:
lami, mto, daraja la miguu peke yake.
Ng'ambo, Mama mdogo Vahinerii ameshika kiuno
akitutazama kama tulivyo, tumechelewa.

Tunafungua kamba. Mimi miguuni, Rahiti kichwani,
yeye anatembea kinyumenyume juu ya mbao,
macho yake kwangu, hana pengine pa kutazama.

Kushoto kidogo.
Hapo.
Kuna ubao umeoza, ruka.
Umechoka?
Bado.
Ukichoka sema.
Nitasema.

Gudu, linajibu shelisheli,
na mto unapita chini yetu,
nasi tuko katikati, hatuna haraka.