Silabi Moja

Nimefungisha ndoa mia tatu na kumi na nne
kule Lewis, katika kanisa lisilo na sanamu hata moja:
ukuta mweupe, saa, Biblia, na mimi.
Wafuma sufu. Mapacha, siku moja.
Mjane wa miaka themanini aliyecheka katikati ya kiapo.
Leo, kisiwani Barra, anaolewa Oighrig wangu,
nami nimekaa benchi la mbele kama mgeni,
mikono magotini, haina kazi.

Padri Aindreas alinieleza tangu Machi, jikoni kwake,
chai imepoa, paka amelalia kitabu cha sheria:
"Mchungaji Torcuil, soma somo. Omba. Wabariki mwishoni.
Ila lile swali, kama wamekuja kwa hiari yao,
na kulipokea jibu lao kwa jina la Kanisa,
hilo humu ndani si lako.
Wala hatuulizi wawili kwa pamoja."
"Hata kama ni mwanangu?"
"Hata kama ungekuwa askofu wa jimbo la jirani."

Nilikasirika njia nzima, feri mbili na basi.

Kisha siku ikafika, na upepo nao.
Feri ikafutwa. Aindreas amekwama Oban
alikokwenda kung'olewa jino.
Bibi harusi yuko sakristia, kavua viatu.
Ruairidh anahesabu mishumaa, anakosea, anaanza upya.
Padri aliyekuwepo ni mmoja, mzee Cuthbert wa Preston,
aliyekuja likizo kutazama ndege,
darubini bado inaning'inia juu ya kola.
Nikamwambia, "Wewe ni padri. Anza."
Akatikisa kichwa. "Upadri ninao.
Mamlaka ya hapa sina.
Nikiuliza bila kupewa, watatoka na picha, watatoka na keki,
na ndoa haipo."

Tukatazamana, yeye na mimi,
miaka tisini ya utumishi tukijumlisha,
na hatuna uwezo wa kuoza hata paka.

Peigi mtunza sakristia ndiye aliyepanda ukuta wa makaburini,
gauni la sherehe, mabuti ya mpira,
simu juu akitafuta mtandao kati ya misalaba.
Sauti ya Aindreas ikaja vipande vipande,
shavu limevimba, maneno yana pamba:
"Nampa... Cuthbert... ndoa hii. Hii tu."
"Rudia jina, Baba!"
"Cuthbert!"
Akaandika nyuma ya karatasi ya nyimbo: saa nane na dakika arobaini na moja.

Basi mzee akauliza.
Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, nikiwinda kosa.
Sikuona kitu. Aliuliza, akangoja.
Hakuongeza, hakusukuma, alingoja tu,
kama nilivyongoja mimi mara mia tatu na kumi na nne
nikidhani kungoja kule ni kazi ndogo kuliko zote.
Oighrig akajibu kwa sauti ya mama yake, marehemu,
nikashika mbao ya benchi.

Wanaofunga ni wao. Wao wawili.
Sisi tunaofungisha tumeingia katikati ya neno,
silabi moja, *ish*,
kama sauti ya kuwanyamazisha watoto
ili wakubwa wasikike.
Sisemi hasira imekwisha. Bado naona mlango ungeweza kuwa mpana zaidi.
Lakini pale, kwa muda wa pumzi mbili,
sikujua tena ni nani kanyimwa nini.

Baraka niliitoa kwa Kigaeli, nikasahau mstari wa tatu,
Peigi akaunong'ona kutoka nyuma; Mkatoliki, ananikumbusha.

Jumatatu bahari ikatulia. Aindreas akashuka ferini,
leso shavuni, moja kwa moja hadi rejista.
Hakuuliza keki. Hakuuliza gauni.
Aliuliza karatasi ya nyimbo,
akaisoma pande zote mbili,
akaibandika kwa gundi kando ya majina,
akapuliza.