Mwandiko

Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja.
Mama aliishika kwa ncha za vidole, kama sahani ya moto,
akanitazama, akamtazama Emorut,
akauliza kama karatasi ina upande wa pili.
Afisa akasema: kila kaya, mtoto mmoja.
Hakusema kwa ubaya. Pikipiki yake ilikuwa nje
na alikuwa na kaya nyingine tisa kabla ya mvua.

Emorut akapigwa picha mbele ya ukuta wa kanisa, pale Ngora,
shati la kuazima, vifungo viwili.
Akaambiwa atabasamu, kisha akaambiwa apunguze.
Mimi nilisimama kando, nimeshika ndala zake.
Ukiitazama vizuri picha ile
kivuli changu kimo,
kimemfika magotini.

Basi akavaa sare, akaenda.
Ila mwandiko wake ulikuwa nyayo za kuku,
na barua kwa mfadhili zilitakiwa mara tatu kwa mwaka.
"Asekenye, njoo."
Mimi niliyeishia darasa la tano,
niliyeokota Kiingereza usiku katika madaftari yake
kama mtu anayeokota karanga shambani baada ya wavunaji.

*Mpendwa Bibi Margit, sisi hatujambo,
natumaini hujambo nawe, na mbwa wako.
Asante kwa ada. Asante kwa godoro.
Asante kwa sanduku la bati na kufuli lake.*
Nilijifunza kushukuru katika nyakati zote:
nilishukuru, nashukuru, nitashukuru.
Nilishukuru kwa kufuli
ambalo ufunguo wake sikuwahi kuushika.

Afisa alizisoma kwanza, kalamu nyekundu mkononi.
Akakata: *baba ameanza kunywa asubuhi.*
Akakata: *ng'ombe wa mwisho ameuzwa.*
Akaacha: *karanga zimestawi.* Hazikuwa zimestawi.
Na hii hakuikata, labda hakuiona:
*Nina dada. Anapenda sana kusoma.*

Ikapita miezi minne.
Jibu likaja na stika za nyota, na picha ya theluji.
"Emorut mpendwa, furaha iliyoje kujua una dada!
Mwambie namsalimu."

Nikajisalimu.
Nikajibu kwa niaba yangu: *amefurahi.*

Sisemi kwa uchungu. Au nasema kwa uchungu mdogo,
ule wa mwarobaini, ulimi ukishauzoea.
Mama yule hakuniona; angenionaje?
Alijinyima kitu huko kwake, sijui nini,
labda safari, labda koti jipya,
na kaka yangu akazijua hesabu za pembetatu.
Mtu akikupa maji humwulizi kisima chake kina kina gani.
Lakini kiu ya wa pili
nayo ni kiu.

Emorut sasa hupima ardhi.
Hupiga vigingi katika mashamba ya watu,
watu wazima wakigombana, yeye huwaonyesha mpaka ulipo.
Kila Krismasi huniletea sukari na kitenge,
na hunitazama kidogo kuliko zamani.

Barua ya mwisho ilipitia kwangu, kama zote.
Niliisoma sokoni Kumi, kati ya magunia:
"Nimezihifadhi zote, tangu ile ya kwanza.
Umekua, Emorut. Hata maneno yako yamekua.
Ila mwandiko ni uleule, mzuri ajabu.
Usiuache kamwe."

Nikaikunja mara nne. Mteja alikuwa anasubiri.
Nikachukua kipande cha mkaa
nikaandika ubavuni mwa gunia:
*karanga nyekundu, kilo mia,*
ile *g* nikaivuta mkia
taratibu, mpaka mwisho,
kama mtu anayetia sahihi.