Majivu ya Kesha

Elkana Mudoga aliwekewa mikono Jumapili iliyopita
katika kanisa letu la Kawangware,
bati juu, mbao upande huu, turubai upande ule.
Leo baada ya kesha amenijia kwa suti ya rangi ya zabibu,
viatu vikilia kwi, kwi, kwenye saruji.
"Mzee Obadia, huduma yangu naanzia wapi?"

Nikamwonyesha jiko.

Tulichemsha chai usiku kucha.
Makaa yamekwisha, majivu yamejaa hadi shingoni.

Mimi ni mkaguzi wa nyama, machinjioni Dagoretti.
Miaka kumi na tisa ndani ya gambuti nyeupe,
nikipasua ini, nikipapasa tezi,
nikipiga muhuri wa buluu pajani.
Kwa hiyo nikisoma habari za makuhani wa kale
uvumba haunifikii kwanza.
Hunifikia mafuta yanayoungua,
damu iliyokauka chini ya kucha,
nzi,
na macho ya ng'ombe aliyekwisha kujua.

Wewe umependa kengele za pindoni mwa joho,
na vito vya kifuani, kumi na viwili.
Sikulaumu, vilimetameta.
Lakini kila kito kilichorwa jina la kabila,
na jina lina uzito wake, Elkana;
aliingia nayo yote, akatoka nayo yote.
Kifuani mwako naona kalamu mbili na kitambaa.
Rispa, aliyetiliwa kufuli na mwenye nyumba
sufuria zikiwa ndani, yumo?
Mwanawe, asiyesalimia mtu tangu Machi, yumo?

Kulikuwa na ukoo mzima wa Walawi
waliozaliwa wakazeeka wakibeba vigingi na kamba.
Nani leo anamjua aliyehesabu kamba?
Ingepotea moja tu, hema lingelala ubavu.

Na hili nalisema polepole.
Mwaka fulani nilipiga muhuri palipo na doa.
Shilingi elfu mbili; ada ya shule ilikuwa imenibana.
Hakuna aliyeugua, nadhani.
Mkono huu ndio uliogawa mkate Jumapili ile.
Tangu hapo naelewa kwa nini kuhani mkuu
alichinja kwanza kwa ajili ya kosa lake mwenyewe,
watu wote wakisubiri nje.

Sasa, majivu.
Kila alfajiri, kabla ya kuni mpya,
kuhani alivaa kitani akayazoa,
akabadili nguo, akayabeba nje ya kambi.
Hakupigiwa makofi.
Moto wa jana ulikuwa wa kweli,
ila majivu yake hayaivishi kitu,
na ukiyaacha yanauziba wa leo.
Sisi wazee tunayapenda majivu yetu.
Tunayasimulia kila kesha.

Wale Walawi, wakifika miaka hamsini,
waliutua mzigo, wakabaki wakiwasaidia ndugu zao.
Mimi nina hamsini na miwili,
na ufunguo wa mlango huu bado unanitoboa mfuko.
Hilo si kosa lako.

Elkana hakujibu.
Alitundika koti kwenye msumari,
akakunja mikono ya shati, akaliinua jiko
mbali na mwili, kama mtu abebaye mtoto wa mwingine,
akapita turubai, kuelekea shimo la taka.
Upepo wa Julai haumjui mchungaji.

Nikautia ufunguo kwenye mfuko wa koti lake.
Aliporudi alikuwa na majivu kwenye nyusi.
Sikumwambia.